Mnara na Mbili ya Kopa: Nani Kaiweka Hiyo "Na"?

Wadau, leo naomba nipumzike kidogo na siasa. Nataka tuzungumze karata. Siyo zile za lasti kadi zinazopigwa barazani jioni huku kahawa ikizunguka. Nazungumzia taroti, zile karata 78 za kutazamia ambazo siku hizi zimejaa kwenye simu za vijana wa mjini. Fungua TikTok usiku uone kama utapita video kumi bila kukutana na mtu anakutandikia karata mezani na kukuambia kwamba ujumbe huu umekufikia wewe na si mwingine. (Umekufikia wewe na maelfu ya wengine, lakini tuyaache hayo.)

Nitangulize jambo moja. Sitaki ugomvi wa kama ni dhambi au si dhambi. Masheikh na wachungaji wapo na kazi hiyo wanaiweza. Hoja yangu mimi ni ndogo, ya kiufundi tu, na naona ndiyo inayosahaulika: karata moja haimdhuru mtu sana. Balaa huanza zikiwa mbili.

Nitoe mfano halisi. Kuna dada mmoja tuliyesoma naye chuo, ameposwa, nusu ya mahari imepokelewa, kamati ya harusi imeshakaa vikao viwili na michango inaingia. Akamtafuta mtabiri mmoja wa taroti, wakaonana kwa simu ya video, akalipa, akauliza kuhusu ndoa yake. Zikatoka karata mbili: Mnara, na Mbili ya Vikombe. Hukumu ikatoka hapo hapo: nyumba hii itaporomoka kabla hamjaingia. Kesho yake dada yangu huyu ananiuliza, kwa utulivu kabisa, "Hivi kaka, mahari nikirudisha, na michango ya watu inarudishwaje?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Sasa tuzitazame karata zenyewe, maana wengi huzisikia tu. Seti inayotumika sana duniani ilitolewa London mwaka 1909. Aliyeibuni ni Arthur Edward Waite, na aliyezichora ni dada mmoja msanii, Pamela Colman Smith, ambaye alifariki mwaka 1951 akiwa na madeni wakati picha zake zinazunguka dunia nzima hadi leo. (Hiyo nayo ni makala nyingine, kuhusu wasanii na haki zao.) Kwenye Mnara kuna jengo refu juu ya jabali. Radi imepiga kileleni, taji linaruka, moto unatoka madirishani, watu wawili wanaporomoka kichwa chini. Kwenye Mbili ya Vikombe kuna kijana na binti wametazamana, kila mmoja na kikombe chake, juu yao fimbo imezungukwa na nyoka wawili na kichwa cha simba chenye mabawa. Nyuma yao, kwa mbali, kuna nyumba ndogo kilimani. Nzima kabisa, haina ufa.

Mnara ukiwa peke yake, watabiri karibu wote watakwambia habari ya kuvunjika kwa ghafla kwa kitu ulichokiamini. Mbili ya Vikombe peke yake ni mapatano, mapenzi, watu wawili kukubaliana. Hapo hakuna ubishi mkubwa, vitabu vinakubaliana. Sasa ziweke pamoja. Inakuwaje?

Inaweza kuwa: mapenzi haya yatavunjika. Hiyo ndiyo aliyouziwa dada yangu. Inaweza pia kuwa: kitu kingine kitavunjika, kazi au biashara au afya ya mzee, na nyinyi wawili mtashikana mkono katikati ya kifusi. Inaweza kuwa: kuna mnara wa zamani, labda uchumba ule wa kwanza, ulishaanguka, na haya ndiyo matunda yaliyoota baada yake. Inaweza hata kuwa mapenzi yenyewe ndiyo radi, yaani huyu bwana kaja kukubomolea maisha ya upweke uliyokuwa umeyajengea ukuta. Karata ni zile zile mbili. Mtabiri wa kwanza anakwambia rudisha mahari, wa pili anakwambia ongeza kasi ya michango!

Wenyewe wenye taroti wanalijua tatizo hili, na wametafuta kanuni. Wapo wanaosoma kwa mpangilio: ya kushoto ni jana, ya kulia ni kesho. Wapo wanaosema ya kwanza ndiyo hali na ya pili ndiyo ushauri. Halafu kuna kanuni iliyotoka kwenye kile chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, ambacho Waite na Pamela wote walikuwa wanachama wake. Hao walizigawa karata kwa moto, maji, hewa na udongo. Vikombe ni maji. Mnara waliuweka chini ya sayari ya Mars, na kwa hiyo huhesabiwa moto. Moto na maji ni maadui, vikikaa jirani kila kimoja kinampunguza mwenzake nguvu. Kwa kanuni hiyo, Mnara wa dada yangu umemwagiwa maji, na vikombe navyo vimechemka. Maana yake? Hakuna kubwa litakalotokea, si zuri si baya. Hiyo ni tafsiri ya tano, na inatoka kwa wakubwa wenyewe wa taroti!

Piga hesabu kidogo. Karata 78 zinatoa jozi 3,003. Ukijali ipi imetangulia zinakuwa 6,006. Na kwa wale wanaohesabu pia karata iliyotoka kichwa chini, zinafika 24,024. Hakuna mwanadamu aliyekariri maana 24,024. Kwa hiyo mtabiri anapokutazama usoni na kukupa jibu ndani ya sekunde nne, ujue hakuna mahali alipolisoma. Amelitunga. Silitumii neno hilo kama tusi, hata mshairi anatunga. Lakini mshairi hakwambii urudishe mahari.

Kuna mtu atasema, wewe unashambulia mambo ya Wazungu tu, mbona ya kwetu huyagusi? Haya, tuyaguse. Kwanza karata si ngeni kwetu hata kidogo. Kopa, shupaza, uru, pao: majina haya tuliachiwa na Wareno. Kwao "copas" ni vikombe, "espadas" ni panga, "ouros" ni dhahabu na "paus" ni marungu. Hayo hayo ndiyo mafungu manne ya taroti! Zile karata tunazonunua dukani zimechorwa moyo mahali pa kikombe, lakini jina tumebaki nalo. Kwa hiyo Mbili ya Vikombe, kwa Kiswahili cha barazani, ni mbili ya kopa, basi. Na turufu, neno ambalo sisi waandishi tunalichosha kila uchaguzi kwa kuandika kwamba fulani amecheza karata ya turufu, limetoka kwenye "trunfo" la Kireno, ndugu yake "trionfi" la Kiitaliano, ambalo ndilo jina la zamani la yale mapicha ya taroti, Mnara ukiwemo. Kule Italia ya kaskazini, karne ya 15, ulikuwa mchezo tu wa mezani, watu wanakula turufu na kufungana. Ufaransa wanaucheza mpaka leo. Habari za siri za Misri zilianza mwaka 1781, pale Mfaransa Court de Gébelin alipoandika kwamba hicho ni kitabu cha makuhani wa kale wa Misri. Maandishi ya Wamisri wa kale yenyewe yalikuja kusomeka mwaka 1822, kwa kazi ya Champollion. Yaani jamaa alitufasiria kitabu cha watu ambao lugha yao hakuna aliyekuwa anaweza kuisoma. Nampa heko kwa ujasiri.

Na ramli je? Hapa pwani yetu ina jambo la kuwafundisha hao wenye taroti. Ramli ina alama 16. Kila alama ina mistari minne, na kila mstari una nukta moja au mbili. Mpiga ramli akitaka kuziunganisha alama mbili, anajumlisha mstari kwa mstari: jumla ikiwa witiri anaweka nukta moja, ikiwa shufwa anaweka mbili. Inazaliwa alama ya tatu. Mpe alama hizo mbili mpiga ramli wa Lamu, mpe na wa Tanga, mpe hata mtoto wa darasa la tatu anayejua kujumlisha, wote watatoka na alama ile ile. Kuamini kwamba alama hiyo inajua habari za ndoa yako ni jambo lingine, na mimi siamini. Lakini angalau muungano wake una kanuni ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. Kwenye taroti, muungano ni mdomo wa mtu.

Na hapa ndipo jambo hili linaponigusa kikazi. Karata ni nomino. Haina kitenzi, haina kiunganishi. Ukiweka Mnara na kopa mezani, mezani hakuna neno "kabla", wala "baada", wala "licha ya", wala "kwa sababu ya". Neno hilo ndilo lenye habari yote, na neno hilo analitia mtabiri. Sisi wa magazeti tunaujua mchezo huu vizuri mno. Chukua habari mbili za kweli. Moja: mbunge amekula chakula cha jioni na mfanyabiashara. Ya pili: bei ya sukari imepanda. Zote unazo kwenye daftari, zote una ushahidi nazo. Sasa andika kichwa cha habari: "Mbunge ala na mfanyabiashara, sukari yapanda". Hujasema uongo hata neno moja, na umeshamtia mtu hatiani! Mhariri mwenye akili zake ataishika ile koma na kukuuliza ushahidi wake uko wapi. Kwenye chumba cha habari koma inadaiwa ushahidi. Mtabiri anaitumia koma ile ile, anachaji pesa, na hakuna mhariri.

Mtasema mbona basi dada yangu alihisi kaguswa penyewe? Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaomba waseme yanawafaa kwa kiasi gani, kuanzia sifuri hadi tano. Wastani ukapita nne. Kumbe wote walipewa karatasi moja yenye maneno yale yale, mengi aliyaokota kwenye kitabu cha unajimu cha mtaani. Sisi wasikilizaji ni mafundi kuliko watabiri. Yeye anatupa nusu, tunamalizia wenyewe.

Nilipombana kidogo dada yangu, ikatoka ya moyoni. Ni miezi miwili sasa mchumba wake haeleweki mshahara unakwenda wapi, na aliwahi kuona kwenye simu yake ujumbe wa kudaiwa mkopo. Hajamuuliza. Anaogopa kuonekana anafuata pesa. Haya sasa! Huo ndio mnara wake, na hakuuona kwenye karata, alikwenda nao mwenyewe. Karata mbili zimempa njia ya kumhukumu mwanaume bila kumtazama machoni na kumuuliza swali la sekunde tano: "Una deni la nani?"

Hili ndilo linalonikera kuliko dhambi na kuliko pesa iliyolipwa. Kila mwandishi anafundishwa tangu wiki ya kwanza kutafuta upande wa pili. Kuna kijana wa watu, anahangaika na suti na ukumbi, hajui kwamba amejadiliwa kwenye simu na mtu asiyemjua, ameshtakiwa na radi ya mwaka 1909, na ameshindwa kesi. Labda kweli ni mdanganyifu. Labda mkopo ule ni wa hospitali ya mama yake, au ni wa mahari hiyo hiyo. Hajaulizwa!

Walikomalizia sitawaambia, kwanza si mambo yangu kuyaanika. Na hata ningewaambia isingesaidia kitu. Wakiachana, mtasema Mnara ulijua. Wakioana, mtasema kopa imeuzima moto.

Ila nina swali kwa watabiri wa taroti, na najua baadhi yenu mnanisoma. Dada huyu alitolewa Mnara na Mbili ya Vikombe, akaambiwa "kabla". Kwa nini siyo "baada"? Mwenye kanuni aiandike hapa, kisha mwenzake aliyeko mji mwingine, bila kuongea naye, atupe ya kwake tuzilinganishe.