Kabla ya Kumlaumu Mwenzio, Kitazame Kiota

Yapo magomvi yanayoanzia mpakani mwa shamba, yapo yanayoanzia katika zizi la ng'ombe, na yapo yanayoanzia kiotani mwa kuku. Haya ya mwisho watu huyacheka. Mimi nimeyashuhudia katika kaya moja ya Manchira, wilayani Serengeti, upande ule lilipo bwawa linaloupatia maji mji wa Mugumu, na sikuona la kuchekesha ndani yake.

Nilifika pale kwa shughuli nyingine kabisa. Nikawakuta wake wawili wa bwana mmoja wakipishana uani bila kusalimiana. Bi mkubwa alikuwa amemwatamisha kuku wake mayai 11 katika pembe ya jiko. Siku zikatimia, wakatoka vifaranga wanne tu. Mengine yote yakalala kimya. Fedha za vifaranga wale alikuwa amekwisha kuzipangia kazi: madaftari na sare za mtoto wake wa darasa la tano. Katika uchungu wake akakumbuka kwamba mara mbili alimwona mwenzake akiinama mlangoni mwa jiko na kuchungulia kiotani. Kwake hukumu ikawa imepatikana: jicho baya limepita juu ya mayai. Neno hilo likavuka ua likafika kwa majirani, na neno la namna hiyo likishatoka halirudi tena kinywani.

Bahati njema, siku ile ile alipita mtaalamu wa mifugo, mama wa makamo, aliyekuja kuchanja kuku wa kitongoji. Akaomba mayai yaliyobaki yasitupwe. Yalipohesabiwa yalikuwa 13. Bi mkubwa akaduwaa. Aliweka 11, wametoka vifaranga wanne, basi yalipaswa kubaki saba. Haya sita yametoka wapi?

Mtaalamu akayapasua moja baada ya jingine juu ya kigae, kaya nzima ikitazama. Matatu yalikuwa na kiini na ute tu, maana hayakupata mbegu ya jogoo. Mawili yalikuwa viza, na watoto wakatawanyika wakiziba pua. Mawili yalikuwa na vifaranga waliokwisha kuota manyoya yote, wakafia ndani ya ganda. Sita ya mwisho yalikuwa na vifaranga wadogo zaidi, kila mmoja na umri wake: huyu ameanza kuota manyoya, yule bado ni macho mawili na mishipa ya damu. Maganda ya haya sita yalikuwa meupe, ilhali kuku wa bi mkubwa hutaga mayai ya rangi ya udongo.

Hapo bi mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hayo ni ya tembe wangu." Kumbe kuku wake alikuwa akienda kutaga katika kiota cha mwenzake. Naye kwa siku kadhaa aliyatafuta mayai yake asiyaone, akawa anachungulia huku na huku, na moyoni alikuwa amekwisha kuamua kwamba bi mkubwa ndiye anayeyachukua. Mmoja alimdhania mwenzake mchawi, na wa pili alimdhania mwenzake mwizi. Ukweli wote ulikuwa ndani ya maganda.

Ndugu msomaji, hebu tulielewe jambo lenyewe. Yai lenye mbegu ya jogoo halikui likiwa baridi. Huanza kukua linapopata joto la kuku mfululizo, na tangu hapo huhitaji siku 21 hata kifaranga atoke. Yai lililoongezwa kiotani siku ya tano litahitaji kukaa mpaka siku ya 26. Lakini kuku hafuati hesabu hiyo. Vifaranga wa kwanza wakishatoka na kukauka, baada ya siku moja au mbili huinuka nao kwenda kutafuta chakula. Waliobaki ndani ya maganda hufa kwa baridi.

Tena liko la pili. Kuku wetu wa kienyeji huweza kufunika vema mayai 10 hadi 13, kwa kadiri ya ukubwa wa mwili wake. Ukimpa 17 usidhani kwamba yatakayoharibika ni yale ya pembeni peke yake. Mchana na usiku kuku huyageuza mayai kwa mdomo wake na kuyahamisha, ya pembeni kuyaleta katikati na ya katikati kuyapeleka pembeni. Kwa hiyo baridi huyapitia yote kwa zamu, na hata yale mazuri huangamia. Kugeuza huku kuna maana kubwa, kwa kuwa yai lisilogeuzwa, kijusi chake hugandamana na utando wa ganda. Wamisri wa kale waliokuwa wakiangua mayai kwa matanuri iliwapasa kuweka watu wa kulinda moto na kuyageuza mayai kwa mikono. Koo wako anaifanya kazi hiyo yote peke yake, wala hadai mshahara. Wajibu wetu ni kumwondolea vikwazo.

Basi tufanyeje? Nawaletea hapa maelekezo ya mtaalamu yule, pamoja na yale ninayoyajua kwa kulelewa katika nyumba ya wafugaji.

Kwanza, mayai. Kuku anapoendelea kutaga, yaondoe kila siku ukimwachia moja lenye alama ili asikikimbie kiota. Yahifadhi mahali penye ubaridi, kama vile ndani ya chungu chenye mchanga mkavu, ncha butu ikiwa juu. Usiyaoshe, maana maji huondoa kinga ya ganda. Chagua ya ukubwa wa wastani, yasiyo na ufa, na yasiyozidi siku saba au kumi tangu kutagwa. Jogoo naye awepo, mmoja kwa majike kumi hivi, la sivyo utaatamisha mawe.

Pili, kiota. Kiwe mahali penye giza kidogo na utulivu, mbali na mapito ya watoto na mbwa, nacho kiwe kwa namna ambayo kuku wengine hawawezi kuingia. Tenga kuukuu au kikapu chenye nyasi kavu chatosha. Nyunyiza majivu makavu chini ya nyasi na katika manyoya ya kuku, maana utitiri, chawa na papasi humnyonya damu usiku hadi akakiacha kiota. Mara nyingi tunamwita "kuku mbaya" kumbe ni kuku anayeliwa akiwa hai.

Tatu, alama. Siku utakayomwatamisha, weka mayai yote kwa wakati mmoja, jioni, na kila moja ulichore kwa mkaa. Yai lolote utakaloliona baadaye bila alama ni mgeni. Liondoe siku hiyo hiyo, ujue pia ni la nani, umrudishie mwenyewe. Laiti kipande kimoja cha mkaa kingetumika katika kaya ile, pasingekuwa na kesi.

Nne, chakula na maji. Kuku anayeatamia hutoka mara moja kwa siku, robo saa au zaidi kidogo, ale, anywe, ajisaidie na kuoga vumbi. Akikosa chakula karibu atakwenda mbali, na mayai yatapoa. Mwekee mtama au chenga za mahindi, na ukipata dagaa kidogo wa ziwani, mchanganyie. Maji yawe safi, lakini yasiwe karibu kiasi cha kumwagikia kiotani.

Tano, kuyapima mayai. Usiku wa siku ya saba, mwondoe kuku taratibu, kisha weka kila yai mbele ya tochi katika chumba chenye giza. Lenye uhai utaona mishipa ya damu imetawanyika kama miguu ya buibui. Lililo angavu tupu halina kitu. Lenye pete ya damu, kijusi chake kimekufa. Liondoe kabla halijawa viza na kuwapasukia wenzake. Rudia siku ya 14. Kuanzia siku ya 18 usiyaguse tena, mwachie mama kazi yake.

Hapa nawageukia akina baba. Mgeni akifika ghafla, kuku aliye rahisi kukamatwa ni yule aliyelala kiotani, kwa kuwa hakimbii. Mtoto huagizwa, kuku huchinjwa, mgeni hula akashukuru, na nyuma ya jiko mayai 12 hupoa bila mtu kusema neno. Ukarimu ni sifa yetu, nami siutii doa. Lakini kitoweo hicho ni cha gharama kubwa kuliko kinavyoonekana sinia likiwa mezani. Umemla mama na watoto 12, pamoja na madaftari ya mwanao. Muulize kwanza mama wa nyumba ni kuku yupi wa kuchinja. Kuku aghalabu ndio akiba pekee ya mwanamke wa kijijini ambayo hahitaji kumwomba mtu ruhusa. Si vema tumnyang'anye kwa kisingizio cha mgeni.

Nao vifaranga wakishatoka, kazi haijesha. Kuna mwewe angani, kuna nguchiro na kicheche vichakani, na kuna ubaridi wa masika. Majuma ya mwanzo wafunikie tenga pamoja na mama yao, wape maji katika chombo kifupi wasije wakazama. Zaidi ya yote, chanja kuku dhidi ya mdondo, ule ugonjwa ambao wengine huuita kideri, unaoweza kufagia banda zima kwa siku chache. Ipo chanjo ya I-2 ambayo hutengenezwa hapa hapa nchini, huko Kibaha. Hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Wanakijiji wakichanga pamoja na kuchanja siku moja, gharama kwa kila kuku huwa ndogo sana. Anayechanja peke yake huku jirani hachanji amejenga nusu ukuta.

Nimalizie habari ya kaya ile. Miezi michache baadaye nilipata salamu zao. Wake wale wawili waliwaatamisha makoo wawili siku moja, kila yai na alama yake ya mkaa: bi mkubwa mstari mmoja, bi mdogo mistari miwili. Usiku wa siku ya saba wakashika tochi pamoja, mmoja akimulika na mwenzake akipokea mayai. Wakatoka vifaranga 17. Usiku uliofuata wakawakusanya wote chini ya koo mmoja mwenye mwili mkubwa, na yule mwingine akaachwa apumzike arudi kutaga mapema. Sasa hakuna anayeweza kutenganisha kifaranga wa mstari mmoja na wa mistari miwili, nao wamekubaliana kugawana nusu kwa nusu watakapouza, yule mmoja wa ziada akiwa kitoweo cha wote.

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe nawe, mayai yako yasipoanguliwa, inama kwanza ukitazame kiota. Hesabu mayai, tafuta alama, pasua ganda. Ukishafanya hivyo, sidhani kama utakuwa bado na neno la kumwambia jirani yako, isipokuwa kumwomba mkaa.

Tuonane Jumapili ijayo.