"Ni Umri Tu, Pumzika"
Aprili 2019, Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, alibadilishiwa vali ya moyo akiwa na umri wa miaka 75. Juni mwaka huohuo alikuwa jukwaani Chicago, akiimba na kukimbia kama ilivyo desturi yake. Ana fedha na madaktari ambao wazee wengi hawawaoti. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, alitibiwa kwa sababu kwanza alipimwa. Mzee anayeishiwa pumzi akipanda kilima mara nyingi huambiwa, "Ni umri tu, pumzika," kabla kifua chake hakijasikilizwa. Vali iliyokakamaa kwa kawaida hutoa mvumo unaosikika kwa stethoskopu, chombo ambacho tayari kinaning'inia shingoni mwa mhudumu. Mzee naye ana haki ya kuomba kitumike.