Baada ya Kasida ya Kwanza



Mama mmoja wa Moi's Bridge ametuuliza: binti yake amekwisha kuihifadhi Tala'al Badru, na mkono wake umeanza kulizoea dufu, ajifunze mahadhi gani sasa? Wenzake wamhimiza aiendee Burda.

Burda ya Imamu Busiri ina fasili 10. Ni bahari, nayo itamngoja. Sisi twaona atangulize Utendi wa Mwana Kupona, alioutunga mama kwa ajili ya bintiye mwaka 1858. Kila kipande kina mizani 8, na ayashikaye mahadhi ya ubeti mmoja ameyashika ya beti zote. Dufu na liwekwe kando. Sikio lifanye kazi.

Tena mama huyo ametaja, kama jambo la kupita tu, kwamba nyanya ya mtoto, mzaliwa wa Lamu, huusoma utendi huo akiwa jikoni. Kumbe mwalimu yumo nyumbani! Simu yaweza kumpa mtoto sauti, lakini haitamsahihisha anapokosea. Na siku nyanya atakapoitwa na Mola wake, mahadhi yale yataondoka naye, ila yakiwa yamekwisha kupata kifua kingine.

Basi binti na aketi jikoni jioni hii hii. Wabillahi tawfiq.