Mwongo au Mtia Chumvi? Lugha ya Kutosadiki katika Somo la Kiingereza

Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha tulipata kuketi nyuma ya darasa la sita, katika shule moja iliyo mbali sana na bahari. Somo lilikuwa la Kiingereza, na mada yake ilikuwa kulinganisha vitu kwa urefu, ukubwa na uzito. Mwanachuo wetu alikuwa amejitayarisha vyema. Andalio lake lilikuwa kamili, zana zilikuwapo mezani, na sauti yake ilitufikia bila taabu. Wanafunzi walitoa mifano yao: mwembe ni mrefu kuliko mpapai, gunia ni zito kuliko ndoo. Kisha akasimama mvulana mmoja aliyekuwa amehamia shuleni hapo kutoka pwani, akasema, kwa Kiingereza cha kujikongoja, kwamba mjomba wake ambaye ni mvuvi aliwahi kuona samaki mrefu kama darasa lile. Darasa likaangua kicheko. Mwanachuo naye akacheka, akamnyoshea chaki, akasema, "You are a liar." Mvulana akaketi. Hakuinua mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Baada ya kipindi tulimwuliza mwanachuo kwa nini alimwita mtoto mwongo mbele ya wenzake. Alishangaa kwa dhati. "Mkufunzi, mimi sikumtukana," alisema. "Nilitaka kumwambia kwamba anatia chumvi tu, lakini sikupata neno lake." Jibu hilo limetukaa moyoni, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Kijana mpole, apendaye watoto, alimjeruhi mtoto kwa kuwa katika akiba yake yote ya Kiingereza alikuwa na neno moja tu la kutosadiki, na neno lenyewe lilikuwa rungu.

Tuongeze kwamba mtoto alikuwa amesema kweli, au alikuwa karibu sana na kweli. Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Aweza kupita mita 12 kwa urefu, na maji ya kisiwa cha Mafia ni mojawapo ya mahali ambapo wavuvi wetu humwona. Lakini hilo tuliache kwanza. Hata kama mtoto angekuwa ametunga hadithi nzima, neno lile lisingefaa.

Kosa lilianzia wapi? Lilianzia katika kutafsiri neno kwa neno. Kwa Kiswahili neno "uongo" lina eneo pana. Vijana wa rika moja huambiana "mwongo wewe!" huku wakicheka na kupigana mabega, wala hakuna anayeudhika, mtani humwambia mtani wake makubwa kuliko hayo. Aliyekosea hesabu huambiwa "uongo!" na mwenzake, nao huendelea na kazi. Neno "lie" la Kiingereza halina nafasi hiyo. Lina maana ya kusema lisilo kweli kwa kusudi la kudanganya. Kumwita mtu "liar" ni kumshtaki katika utu wake, na mwenye lugha yake hulitoa neno hilo akiwa tayari kwa ugomvi. Katika Bunge la Uingereza mbunge hana ruhusa ya kumwita mwenzake hivyo. Akikataa kuyafuta maneno yake aweza kutolewa nje ya ukumbi. Mwaka 1906 Winston Churchill alipozungumza bungeni juu ya vibarua wa Kichina katika Afrika Kusini alitumia maneno mawili marefu, "terminological inexactitude", yaani kutokuwa sahihi katika matumizi ya istilahi. Tangu hapo watu wameyatumia maneno hayo kwa mzaha, kama kanga ya kumfunika "lie" asionekane.

Msomaji asidhani kwamba tunasema Waingereza ni waungwana kuliko sisi. Mtoto wa Kiswahili aliyelelewa hamwambii babu yake "uongo". Husema, "Babu, hilo haliniingii akilini," au hunyamaza. Sisi tunazo daraja zetu za kutosadiki: kuna porojo, kuna soga, kuna kutia chumvi, kuna hekaya, kuna ndoto za Alinacha, kuna mambo ya kungoja mpaka punda aote pembe. Kila moja lina mahali pake na mtu wake. Ajabu ni kwamba mwalimu mwenye utajiri huu wote katika lugha yake huingia katika somo la Kiingereza na neno moja, kana kwamba wenye lugha hiyo hawakujaliwa kuwa na adabu wala mzaha.

Hebu tuitazame hiyo chumvi, maana hapo pana fundisho zuri. Kwa Kiswahili anayetia chumvi ni msemaji. Habari ilikuwa ya kawaida, naye ameikoleza ili iliwe kwa hamu. Kwa Kiingereza pia kuna chumvi, lakini imo mkononi mwa msikilizaji. Wao husema kwamba habari fulani ipokewe "with a pinch of salt", yaani msikilizaji ainyunyizie chumvi kidogo kabla ya kuimeza. Wengi huuhusisha usemi huu na Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliyeandika juu ya dawa ya kukinga sumu iliyokuwa ya mfalme Mithridates: jozi kavu, tini, majani ya mmea mchungu, vikapondwa pamoja na punje ya chumvi. Basi chumvi yetu ni ya kuongeza ladha ya uzushi, na yao ni ya kujikinga nao. Mwanafunzi asiyeelezwa tofauti hii atasema kwa Kiingereza kwamba rafiki yake "alitia chumvi katika hadithi", na Mwingereza atadhani wanazungumza habari za mapishi.

Mtego mwingine ni wa sungura. Tangu utotoni tumemjua sungura kuwa mjanja wa porini, anayewashinda simba na fisi kwa akili. Waingereza humwita mtu au mpango usio na kichwa wala miguu "hare-brained", yaani wenye ubongo wa sungura. Mwambie mtoto wetu kwamba shauri lake lina ubongo wa sungura, atakushukuru. Hapa kamusi haitoshi. Ni lazima mwalimu ajue kwamba mnyama mmoja amepewa tabia mbili na watu wawili.

Iko pia misemo ambayo asili yake yenyewe haiaminiki. Hadithi isiyo na mshiko huitwa "a cock-and-bull story", hadithi ya jogoo na fahali. Katika mji wa Stony Stratford husimuliwa kwamba zamani palikuwa na nyumba mbili za wageni, moja ya Jogoo na nyingine ya Fahali, na wasafiri wa magari ya farasi walikuwa wakishindana kwa uzushi kati ya nyumba hizo. Nyumba zenyewe zipo kweli. Maelezo hayo lakini hayana ushahidi wa kutosha, nasi twashauri yanyunyiziwe chumvi ya Kiingereza.

Lakini hatuandiki ili wanachuo wakariri misemo. Tumechoka kuona daftari zenye misemo 40 ya Kiingereza iliyonakiliwa kutoka ubaoni, ambayo mwenye daftari hathubutu kutumia hata mmoja. Tunachotaka mwalimu ajue ni swali moja la kuuliza mbele ya kila usemi wa namna hii: je, unampiga mtu, au unalipima wazo? "Liar" humpiga mtu. "Crackpot" humpiga mtu, maana humfanya kichwa chake kuwa chungu chenye ufa. "Pigs might fly", yaani huenda nguruwe wakaruka, humdhihaki msemaji hata kama halimtaji. Linganisha na "far-fetched". Hapa wazo limeletwa kutoka mbali. Kati ya jambo tunaloliona na jambo linalodaiwa pana mwendo mrefu mno. Aliyelileta hakutukanwa, ila anaulizwa tu njia aliyopita. Ama "half-baked", wazo lililookwa nusu, kama mkate uliotolewa jikoni mapema. Nalo laweza kurudishwa motoni. Hoja isiyoshika maji, kama wasemavyo, ni mtungi unaovuja: tunatafuta tundu, hatumtafuti mfinyanzi.

Na juu ya yote, Mwingereza anapotaka kuwa mwangalifu hujitwika mzigo yeye mwenyewe. Husema, "I find that hard to believe." Ugumu uko kwangu mimi ninayesikiliza. Pengine husema tu kwamba wazo ni "interesting", na mgeni akaondoka na furaha asijue kwamba amekataliwa. Namna hiyo ya pili hatuipendekezi kwa darasa la sita, wala hatupendi sana kuisikia kwa watu wazima.

Wako wenzetu watakaosema kwamba haya ni mambo ya juu mno. Mtoto wa shule ya msingi, watasema, hajajua vitenzi vya wakati uliopita. Adabu za kutosadiki atazijua mbele ya safari. Sisi hatukubali. Huko mbele, katika sekondari, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia masomo karibu yote. Mtoto atatakiwa kuuliza, kubisha na kubishiwa kwa lugha hiyo katika fizikia na jiografia. Akifika huko na "yes, teacher" kwa upande mmoja na "liar" kwa upande mwingine, na katikati pakawa patupu, atachagua kunyamaza. Na wala si sentensi ngumu tunazoomba. "Are you sure?" ina maneno matatu. "How do you know?" ina maneno manne, nayo kwa maoni yetu ina thamani kuliko misemo yote tuliyoitaja, kwa kuwa inampa mtoto zamu ya kusema tena.

Kwamba jambo hili si dogo, nchi yetu inao mfano unaojulikana duniani kote, ingawa vyuoni mwetu hautajwi vya kutosha. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kungoja yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja, akiogopa kukosa nafasi, Mpemba aliweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Usemi huo ulipendeza darasa zima. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, wenzake walimwambia kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Tazameni namna ya usemi huo. Haukuwa tusi. Ulikuwa mzaha wa mtu mwenye elimu, uliosemwa kwa ufasaha, na kwa kipimo chetu ulimpiga mtu bila kulipima wazo hata kidogo, maana hakuna aliyekwenda kwenye jokofu kutazama. Kisha akaja Dk. Denis Osborne, Mwingereza aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza swali lake lile lile, na wenzake wakacheka. Dk. Osborne naye aliliona swali kuwa la ajabu, lakini hakusema kwamba haliwezekani. Alisema atakwenda kujaribu. Huko Dar es Salaam fundi wa maabara alimletea habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha maelezo yao katika jarida la Physics Education, na jambo lenyewe likapewa jina la kijana wa Magamba. Wanasayansi wanabishana juu yake hata sasa. Wengine wanasema hutokea kwa masharti fulani, wengine wana shaka kama ushahidi unatosha. Wanabishana kwa vipimajoto, na kila upande unamwuliza mwenzake amejuaje.

Yule mwanachuo wetu alikuwa na vipindi vingine vitatu kabla ya mazoezi kwisha. Tulipolipitia andalio lake la kipindi kilichofuata tuliona kwamba mbele ya neno "zana" ameandika: kamba, mita 12. Tulimwuliza ni ya nini. Akasema kwamba atamwomba mvulana yule aieleze tena habari ya mjomba wake, naye atamwuliza kwa Kiingereza mjomba alikuwa umbali gani, na alimlinganisha samaki yule na nini. Kisha watatoka nje wote, wamwachie mvulana kamba aonyeshe mwenyewe mkia ulifika wapi.