Tusipuuze Mshale wa Dashibodi



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la shule nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo. Jambo lenyewe ni ule mshale wa geji ya joto ulioko mbele ya dereva. Katika motokaa nyingi kuukuu za hapa Mpanda mshale huo umelala, na wenye motokaa wameuzoea hivyo. Mimi nasema mshale uliolala yafaa utengenezwe siku ile ile unapogunduliwa, na kazi ya kutafuta kosa lake si ngumu hata imshinde mwanafunzi wa sekondari.

Sisemi haya kwa kusikia. Baba yangu mdogo anayo Peugeot 504 ya zamani, na anaipenda kama mfugaji apendavyo fahali wake. Kila mgeni akija nyumbani huelezwa ya kuwa motokaa za jina hilo zilishinda mashindano ya Safari katika mwaka 1975 na tena 1978. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope yaliyozishinda motokaa nyingi. Basi baba mdogo huiendesha yake kana kwamba na yeye yumo mashindanoni.

Likizo ya Desemba iliyopita tulisafiri naye kwenda Kibaoni kumwona bibi. Kabla hatujatoka mjini nilimwuliza, "Baba, mbona mshale huu wa joto hauinuki?" Akacheka, akanijibu, "Mwanangu, huo umelala tangu mwaka juzi. Fundi aliniambia motokaa za umri huu hazihitaji geji, zinahitaji dereva mwenye masikio." Nikanyamaza, maana si adabu kubishana na mzazi barabarani.

Tulipita Sitalike, tukavuka mto Katuma penye viboko, tukaingia katika Hifadhi ya Katavi. Huko ndiko tulikosikia harufu kama ya sukari iliyoungua, kisha mvuke mweupe ukatoka chini ya boneti. Mpira mmoja wa maji ulikuwa na ufa mwembamba, na maji yalikuwa yakivuja kidogo kidogo tangu nyumbani. Masikio ya baba mdogo hayakusikia kitu. Tulikaa ndani ya motokaa vioo vimefungwa, kwa kuwa mahali pale si pa kutembea kwa miguu, tukangoja saa tatu hadi lori likatuvuta.

Hasara haikuishia hapo. Injini ya motokaa ile ina kizuizi cha chuma na hedi ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na joto likipita kiasi hedi hupinda na gasketi huungua. Ndivyo ilivyokuwa. Fedha zilizolipwa kunyoosha hedi na kununua gasketi ndizo zile zilizowekwa kwa ajili ya godoro, sare na madaftari ya binti yake aliyekuwa akianza kidato cha kwanza. Dada yangu huyo alichelewa kuripoti shuleni wiki tatu. Na lililotuuma zaidi ni kwamba fundi wa pili alipochunguza kwa nini mshale ulilala, alikuta ncha ya waya mmoja imeota kutu. Aliisugua kwa msasa, akaifunga upya, na mshale ukaamka. Kazi hiyo ilichukua muda usiozidi robo saa.

Najua wapo watakaosema kwamba dereva hodari huijua motokaa yake bila geji. Siwadharau, kwa kuwa wapo madereva wanaotambua kosa la injini kwa mlio tu. Lakini maji yakipungua hayapigi kelele. Wengine husema, "Afadhali geji iliyokufa kuliko inayokutia hofu bure." Hapa ndipo tunapotofautiana kabisa. Dashibodi isiyo na geji humfanya dereva asimame na kukagua. Lakini mshale uliolala upande wa baridi humwambia kila mara kwamba hali ni njema, naye hata kama amejizoesha kutouamini, jicho lake hutulia. Huo ni uongo, na uongo wa namna hiyo ni ghali.

Sasa nieleze kazi yenyewe, ili msomaji asidhani nasema maneno matupu. Katika motokaa nyingi za zamani geji ya joto ina vitu vitatu: geji penye dashibodi, waya, na sensa iliyofungwa kwenye injini na kugusa maji. Ndani ya sensa mna kitu ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Ukinzani ukipungua, umeme mwingi zaidi hupita, na mshale huinuka. Basi kosa likitokea limo katika kimojawapo cha vitu hivyo, au katika fyuzi, au katika waya wa ethi.

Kwanza acha injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta wala sensa injini ikiwa ya moto, maana maji yenye shinikizo yatakuunguza. Pili, tazama geji nyingine. Kama ya mafuta nayo imelala, yaelekea kosa ni la pamoja, yaani fyuzi au ethi ya dashibodi. Tatu, chomoa waya wa sensa, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma kisafi cha injini kwa nukta moja tu. Mshale ukiruka kwenda upande wa moto, geji na waya ni vizima, na kosa li katika sensa au kiungo chake. Mshale usiporuka, fuata waya pole pole kutoka injini hadi dashibodi ukitafuta mahali ulipokatika au ulipoota kutu. Usiushike waya pale kwa muda mrefu, maana waweza kuunguza geji. Tena jambo hili ni la motokaa za zamani tu. Zile mpya zenye kompyuta zisijaribiwe hivyo.

Sensa nayo hupimwa kwa sufuria ya maji. Muhula huu mwalimu wetu wa fizikia alituruhusu kuipima sensa kuukuu katika maabara. Tuliitumbukiza ncha yake majini pamoja na kipimajoto, tukaunganisha mita ya umeme, tukapasha moto. Kila joto lilipopanda, ukinzani ulishuka, kama kitabu kisemavyo. Tukajifunza na jambo jingine: Mpanda iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,100, na kwa hiyo maji hapa huchemka karibu na nyuzi 96, wala si 100. Maana yake ni kwamba motokaa ambayo kifuniko cha rejeta hakishiki shinikizo itachemka mapema zaidi huku kwetu kuliko Dar es Salaam.

Lazima niseme pia kwamba geji nzima nayo ina mpaka wake. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani, na mshale waweza kushuka wakati injini inaungua. Kwa hiyo kukagua maji kila asubuhi ni wajibu, hata mshale ukiwa mzima.

Kutokana na hayo nina ombi kwa walimu na wazazi. Shule ina mita za umeme, na wanafunzi wa fizikia wapo. Naomba tupewe Jumamosi moja kila muhula, chini ya uangalizi wa mwalimu na fundi mmoja wa mjini, wazazi walete motokaa zao tuwapimie geji bila malipo. Hatutafungua injini, tutatafuta kosa tu na kumwambia mwenye mali. Sisi tutapata somo ambalo ubao hauwezi kutupa, na wazazi watapata usalama katika barabara za Sumbawanga, Tabora na Kigoma, ambako toka kijiji hadi kijiji ni mwendo mrefu wa pori.

Kwa wanafunzi wenzangu nina neno moja. Ripoti ya muhula ndiyo geji yetu. Anayenakili majibu ya jirani ameufunga mshale wake upande wa baridi, na wazazi nyumbani wanatulia, na maji yanavuja. Wazee walisema, mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Baba mdogo siku hizi hutazama mshale wake kabla ya kutazama barabara, na akinipakia huniuliza, "Umeinuka?" Nami humjibu, "Umeinuka, baba, twende."

Mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne