Wapelekeeni mafundi wa mtaa hii Linux

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilifunga duka la Windows 10. Hakuna kilicholipuka. Laptopu yako iliwaka asubuhi iliyofuata kama kawaida, na wengi wetu hata hatukujua kuna kitu kimetendeka. Kilichokoma ni masasisho ya usalama, yale marekebisho ya kuziba mianya kabla wezi wa mtandaoni hawajapenya. Kuna mpango wa kuongezewa muda hadi Oktoba 2026, lakini hebu pita keja za Kayole, Roysambu na Pipeline uulize ni wangapi wamejiandikisha.

Na hapo ndipo hii stori inakuwa yetu. Laptopu nyingi tunazotumia hapa Nairobi ni zile za ex-UK za Moi Avenue na Luthuli. Yangu ni HP EliteBook 840 G3, mashine ngumu, imeanguka kutoka kwa kitanda mara mbili na bado inadunda. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha sita. Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Kwa hivyo kitu nilichonunua Sh22,000, kwa macho ya Microsoft, ni takataka. Kibodi iko sawa, skrini iko sawa, betri (haya, betri ni ya kuombea), lakini takataka.

Fundi wa mtaa ana jibu lake. "Mkubwa, hii nakupigia kumi na moja kwa soo tano, inaingia tu." Na kweli inaingia. Ataipitisha mlango wa nyuma, ataweka kraki isikusumbue na mambo ya leseni, na ili kraki ikubali atazima kwanza ulinzi wa virusi. Ni kama kumlipa mtu akufungie kitasa kipya halafu aondoke na mlango.

Naongea kama mtu aliyeungua. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kunishinda, na laptopu ndiyo ilibaki kuwa kazi: kuandika, kuhariri video za harusi na ruracio, kidogo kidogo hadi kodi ya nyumba inapatikana. Fundi alinipigia Windows ya kraki, na wiki tatu baadaye nikaamka nikakuta kila faili imebadilishwa jina kuwa herufi za ajabu, pamoja na barua fupi ya Kiingereza kibovu ikinidai dola. Ndani kulikuwa na harusi nzima ya wateja wangu, na nilikuwa nimeshafuta kadi za kamera. Bibi harusi alilia kwa simu. Sikujua la kumwambia, kwa sababu unaweza kurudia tangazo, unaweza kurudia video ya muziki, lakini huwezi kumwambia nyanya ya mtu arudi kanisani acheze tena. Nilirudisha pesa zao kwa awamu, miezi minne.

Sikumchukia fundi. Alifanya kazi ambayo mtaa wote unamlipa afanye.

Aliyeniokoa ni jirani yangu anayefanya kazi kwa saiba. Alinipa flashi yenye Linux Mint, akaniambia niiweke, niwashe laptopu kupitia hiyo flashi, na nisifute chochote. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawaambiwi: unaweza kuitumia Linux ikiwa ndani ya flashi tu, uone kama waifai inashika, uone kama sauti inatoka, kisha ukichoka unazima na mashine yako iko vile ilivyokuwa. Mimi nilitumia siku mbili hivyo. Siku ya tatu niliiweka kabisa.

Sitakudanganya kwamba maisha yote ni mteremko. Photoshop haiko. Ukiishi kwa Adobe, baki ulipo ama ujitayarishe kujifunza upya. CV iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa na LibreOffice wakati mwingine mistari inaruka, kwa hivyo itume kama PDF, utaokoa aibu. Laptopu zingine waifai yake inakataa hadi utafute dereva. Na kama kazi yako ya mtandaoni inadai ufanye mtihani kwa programu ya kukuchunguza, kuna uwezekano mkubwa programu hiyo haitambui Linux kabisa. Nimekosa gigi moja hivyo. Niliumia.

Lakini kwa siku ya kawaida? Firefox ama Chrome iko, WhatsApp inaingia kupitia kivinjari, VLC inacheza kila kitu. Video nahariri na Kdenlive, na michoro naichora na Inkscape. Blender, ambayo wengi wanaijua kama kitu cha kujaribia tu, ndiyo iliyotengeneza Flow, ile filamu ya paka kutoka Latvia iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya uhuishaji mwaka 2025. Yote haya hayajanidai senti, na hakuna kraki hata moja.

Halafu tuache kujifanya kwamba Linux ni mgeni mjini. Simu yako ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, kile ambacho Linus Torvalds alianza akiwa mwanafunzi wa miaka 21 pale Helsinki mwaka 1991. Na upande wa programu huria kwa jumla, Kenya hatujakuwa watazamaji tu. Ushahidi ilizaliwa hapa Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, mikononi mwa mabloga na waprogramu waliotaka ramani ya fujo zinakotokea. Kwa sababu msimbo wake uko wazi, miaka miwili baadaye ulikuwa unatumika Haiti baada ya tetemeko. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumiwa katika nchi nyingi, mizizi yake iko Eldoret, ambako mwaka 2004 mfumo uliokuwepo ulikuwa umelemewa na idadi ya wagonjwa wa HIV. KenyaEMR inayotumika kwenye vituo vyetu vya afya imejengwa juu yake. Kwa hivyo mtu akikwambia mambo ya huria ni ya wazungu wenye muda mwingi, mwambie apande matatu ya Eldoret.

Sasa nikuje kwa watu wangu, wapenzi wa Linux. Nawapenda, lakini mnatuangusha.

Nimehudhuria zile Jumamosi zenu kama nne hivi. Ukumbi mzuri, samosa, stika za kubandika nyuma ya laptopu. Jamaa anasimama mbele, slaidi ya kwanza ni historia, slaidi ya pili ni falsafa ya uhuru, slaidi ya tano ni dirisha jeusi lililojaa amri ambazo hata yeye anazisoma kwa simu. Jioni watu kumi na watano wanaenda nyumbani na mfumo mpya. Tunapiga picha ya pamoja na kuipeleka mtandaoni. Jumatatu, waifai ya mmoja inakataa. Anauliza kwa grupu. Wa kwanza anamjibu, "Ulisoma maelezo kwanza?" Wa pili anamwambia angechagua aina nyingine ya Linux, siyo hiyo. Wa tatu anabishana na wa pili hadi usiku wa manane. Mwenye shida anafunga grupu na kuenda kwa fundi, na fundi anatazama skrini na kuuliza swali moja tu: "Ni nani alikuwekea hii kitu?" Dakika arobaini baadaye, Windows imerudi. Na kraki yake.

Nimeona hiyo ikitendeka mara nyingi kiasi kwamba najua mwisho wake kabla ya samosa kuisha. Mnasema watu hawapendi Linux. Watu hawana shida na Linux. Watu wana shida na kubaki peke yao siku ya Jumatatu.

Huko Ulaya naona wameshika hili. Kabla ya ile Oktoba, jamii ya KDE na wenzao walianzisha kampeni inayoitwa End of 10, na jambo kubwa kwenye ukurasa wao ni kukuelekeza kwa maduka na watu wa karibu wanaoweza kukusaidia ana kwa ana, wakiwemo wale wa Repair Café, mikutano ya kutengenezeana vitu iliyoanzia Amsterdam mwaka 2009. Walielewa kwamba mtu anataka mtu. Kwetu, mtu huyo hatuhitaji hata kumuundia mkutano. Ameketi pale stejini kwenye kibanda cha futi nne, ana bisibisi sikioni na redio imefunguliwa, na anajua jina la kila mwenye laptopu katika mtaa. Anayeamua nini kinaingia kwa kompyuta za vijana wa Nairobi ni yeye. Si Microsoft, wala si grupu yenu ya WhatsApp.

Na mbona yeye haweki Linux? Nilimuuliza wangu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Si hiyo ni ya bure? Nitakula nini?"

Hilo ni swali la haki na nyinyi mnalikwepa. Waingereza wana neno moja kwa mambo mawili, ndiyo maana wamebishana miaka na mikaka kueleza kwamba uhuru wa programu si lazima uwe ubwete wa bei. Sisi Kiswahili kilitupa jibu zamani: huria si bure. Leseni ya GPL yenyewe inaruhusu uuze nakala na ulipishwe kwa kazi yako. Kinachokatazwa ni kumfungia mwenzako asifanye vivyo hivyo. Soo tano anayolipwa fundi kwa Windows si ya Windows, maana Bill Gates haoni hata ndururu yake. Ni ya saa yake na ujuzi wake, na ya kusimama na wewe ikigoma. Basi na alipwe hiyo hiyo kwa Mint. Ukiongeza kwamba faili la Mint ni karibu GB tatu, na bando unajua bei yake, flashi iliyo tayari mkononi mwa fundi ni bidhaa kamili.

Kwa hivyo pendekezo langu, na najua wengine watanikasirikia: pesa za ukumbi mmoja zinunue flashi za GB 16, muzigawe River Road, Githurai na Kawangware. Kaeni na fundi alasiri nzima, kwenye stuli yake, na mashine zake mbovu. Mfundisheni mambo manne anayohitaji: dereva za waifai, printa, kuhamisha faili za mteja salama, na jinsi ya kumwonyesha mama wa duka mahali "Word" yake imeenda. Mwacheni na namba ya mtu atakayepokea simu Jumatatu. Msimletee falsafa. Akiuza ishirini atakuja kuiuliza mwenyewe.

Na mzungumze naye lugha yake. Huko Dar, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, mwaka 2004. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita! Leo naingia kwenye mikutano Nairobi ambapo kila mtu ukumbini anajua Kiswahili na bado slaidi zote ni Kiingereza cha kutoka California. Kama hujui kuandika msimbo, hapa ndipo pa kusaidia: andika maelezo ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha mtaa, yabandikwe ukutani kwa kibanda.

Mwezi uliopita nilianza na wangu, yule yule wa kraki. Nilimpelekea flashi, tukajaribu kwa laptopu ya RAM GB nne ambayo mwenyewe aliitelekeza pale tangu mwaka jana. Iliwaka haraka kuliko alivyotarajia. Akaniuliza kama ina virusi. Akachomeka printa yake ya HP, ikakubali bila CD yoyote, na hapo ndipo alivuta stuli karibu.

Tangu hapo ameweka tatu. Moja ilirudi: mzee mmoja wa kanisa alitaka ile W ya samawati na hakuna maneno yaliyomtuliza, akarudishiwa Windows yake na akaondoka na furaha. Mbili hazijarudi bado. Jana nilipita pale nikakuta kwenye kadibodi yake ya bei, chini ya Windows na kubadilisha skrini, ameongeza mstari kwa kalamu nyekundu: LINAX 500. Sikumrekebisha tahajia.