Goti la Punda Haliponi kwa Chuma cha Moto

Kazi yangu ni kutibu watu, si mifugo. Lakini hapa Samuye punda akichechemea, habari hufika zahanati. Mama aliyekuwa akileta maji kwa punda sasa anabeba ndoo kichwani. Baada ya siku chache anakuja kulalamika shingo na mgongo. Ndiyo maana leo naandika habari za punda.

Punda huumia viungo kwa mizigo mizito, kwa kuanza kazi wangali wadogo, na kwa kwato ndefu zisizokatwa. Pale mfupa unapokutana na mfupa mwenzake kuna kitu cheupe, kigumu na chenye utelezi. Wewe umekiona ukila mguu wa mbuzi. Kinaitwa gegedu. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisagane. Gegedu haina mishipa ya damu. Kwa hiyo ikilika, haiponi kama ngozi iliyokatwa.

Goti la punda likivimba, wengine hulichoma kwa chuma cha moto. Mimi napinga jambo hili. Moto unaunguza ngozi, lakini ugonjwa uko ndani. Punda anapata kidonda, inzi wanatua, usaha unaanza. Tena tusidhani ni sisi tu. Uingereza nako waliwachoma farasi miguu kwa miaka mingi. Mwaka 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya farasi walioumia kano za miguu. Waliona kuwa kuchoma hakukuponya kano.

Utaniambia, “Mbona punda wa jirani alichomwa akapona?” Fikiri kidogo. Punda mwenye kidonda cha moto hafungwi mkokoteni. Anakaa nyumbani wiki kadhaa. Kilichomsaidia ni kukaa.

Je, hakuna sindano ya kuotesha gegedu? Huko Ulaya na Marekani wanajaribu kwa farasi wa mashindano. Daktari wa mifugo huchukua damu ya farasi mwenyewe, huizungusha kwa mashine, na kutenga sehemu inayosaidia majeraha kupona. Sehemu hiyo huipiga sindano ndani ya kiungo. Wengine huchukua uboho wa mfupa wa kifua, wakakuza chembe zake, kisha wakaziingiza humo. Farasi wengi hupata nafuu ya maumivu. Goti jipya bado halijapatikana. Na tajiri akishalipa fedha zote hizo, huambiwa ampumzishe farasi wake na kumtembeza polepole kwanza.

Najua mapumziko si bure. Wakati wa kuvuna mpunga, nani atakubali punda alale? Lakini punda asiyepumzishwa wiki sita leo huenda asifanye kazi tena kabisa. Afadhali kuazimana punda na majirani.

Tafadhali msije zahanati kuomba vidonge vya watu kumpa punda. Kipimo chake ni kingine, na dawa hizo zinaweza kumdhuru tumbo na figo. Mwiteni bwana mifugo. Mkateni kwato. Mlazeni mahali pakavu. Akianza kutembea vizuri, mpeni madumu mawili ya maji kwanza, si manne, na njia iwe fupi.